Bonyeza Moja

Saa kumi na mbili kasoro,
jogoo wa Mama Aikande hajamaliza zamu yake,
simu inatetemeka juu ya stuli kama mende aliyepinduka.
"Shikamoo Bibi Ndeanasia. Umeamkaje?
Bonyeza 1 kama umemeza dawa ya presha.
Bonyeza 2 kama hujameza."

Marahaba, nasema.
Lazima nianze na marahaba,
hata kama anayeniamkia hana mdomo.

Kisha napanda hadi mwisho wa kihamba.
Huku Uru kupokea, inapokea hata jikoni.
Kutuma, hapana. Kutuma ni pale tu
penye masale, kaburini kwa Ndelilio.

Nakaa kwenye saruji yake. Ni mume wangu, hawezi kukataa.
Navaa kile kitambaa mkononi, kinajijaza upepo,
kinanibana kama mgambo wa soko la Kiboriloni,
halafu kinaniachia polepole, kimekosa ushahidi.

152 kwa 94.

Miaka thelathini na moja nilichambua kahawa kiwandani, Moshi mjini.
Mkanda unapita, vidole vinaona:
punje iliyotobolewa na mdudu, punje iliyochacha,
punje nzuri kwa macho lakini nyepesi, ndani hamna kitu.
Leo nagusa kioo kwa vidole hivyo hivyo
na kioo kinasema hakuna mtu.
Nagusa tena. Hakuna mtu.
Elinami, mjukuu wangu, alicheka:
Bibi, alama zako zimekwisha, ulizigawa kwenye buni.
Basi nalamba kidole kama mhesabu noti
na kioo kinakubali kwamba nipo.

152 kwa 94. Ningekuwa kahawa
ningemwagwa kwenye lile gunia la mwisho,
linalouzwa bila jina.

"Je, jana ulitumia chumvi nyingi? 1 ndiyo, 2 hapana."

Jana tulimaliza matanga kwa kina Kirenga.
Supu ya mbuzi, na ndizi zilizopikwa na wanawake
ambao hawajui kuonja kidogo.
Nikapewa kata ya mbege, na kata ya msiba
hairudishwi ikiwa imejaa.
Namba ya hayo iko wapi?
Nikabonyeza 2.

"Hongera sana, Bibi! Endelea hivyo hivyo!"
Na kaua kekundu pembeni.

Niliona haya. Nikageuza uso,
na nilikogeuzia alikuwa Ndelilio.

Yeye hakuulizwa.
Alisema kichwa kinagonga, tukasema ni jua la tambarare,
ni mahindi, ni umri, lala.
Alianguka ameshika jembe.
Moyo wake ulikuwa ngapi kwa ngapi, sijui.
Hakuna aliyeandika.

Nikalamba kidole. Nikatuma 1.
Ndiyo. Chumvi, na zaidi ya chumvi.

Hakuna hongera. Hakuna ua.
Mchana akapiga nesi, sauti ya binti aliyekesha:
Bibi, vidonge bado vipo?
Vipo nusu nusu, nikasema. Navikata kwa wembe
ili vifike mwisho wa mwezi pamoja nami.
Akanyamaza.
Kimya kile hakikuwa na namba ya kubonyeza.
Kisha: Alhamisi uje dirisha la tatu, umuulize Foya.
Usikate tena, Bibi.

Leo ujumbe umechelewa.
Saa moja. Saa mbili.
Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, mlima haupo,
na mimi nimekaa juu ya kaburi
nikiwa na wasiwasi juu ya simu,
kama vile jirani ambaye hajafungua dirisha.

Ulipoingia, saa tatu na nusu, sikujibu habari za presha.
Niliandika, herufi moja moja, kwa mate:
Na wewe umeamkaje?

"Samahani, jibu lako halijatambulika.
Tafadhali bonyeza 1 au 2."

Nikaitazama.
Maskini, haina hata wa kuijibia.
Nikabonyeza 1.